Somo: Kuchagua mlango mpya wa nje kwa nyumba ya pwani

Mlango wa nje ukanda wa pwani, uwe Mombasa, Tanga au Mtwara, mara nyingi hauanzi kuharibikia usoni, ambako kila mtu hupaka vanishi. Huanzia ukingo wa chini, ukingo wa juu na kwenye viungo, yaani pale ambapo mafundi wengi hawapitishi brashi kabisa. Nyenzo yoyote unayofikiria, iulize kwanza itastahimili vipi hapo.

Hatua ya 1: Jua kilichoua mlango wa zamani. Dunga kwa bisibisi sentimita 10 za chini za mlango na fremu. Mbao iliyolegea na kumeguka vipande imeozeshwa na maji. Likibaki ganda la nje huku ndani mna udongo, huyo ni mchwa. Kwa mchwa, kubadilisha mlango na kuacha fremu ni kutupa pesa. Ng'oa fremu, weka dawa ya mchwa ukutani na kwenye nyufa za sakafu, ndipo ufunge nyingine.

Hatua ya 2: Pima. Upana wa ndani ya fremu upime juu, kati na chini. Urefu pande zote mbili. Kisha kona kwa kona. Fuata kipimo kidogo. Vipimo vya kona vikipishana, fremu imekwenda upande, inyooshwe kwanza. Acha nafasi ya milimita 3 juu na kila ubavu, na milimita 6 hadi 8 chini. Usiagize "futi 3 kwa 7" kwa mazoea.

Hatua ya 3: Chagua nyenzo.

Mninga ndio chaguo letu la kwanza: haupindi ovyo, unarandika vizuri na mchwa hauupendi. Mvule na mtiki vinafaa pia. Mkongo ni imara sana lakini mzito. Kataa mbao yenye ukanda mweupe wa pembeni, kwani hata kwenye mti mgumu sehemu hiyo huliwa. Msonobari uache kwa dari. Hata uliotiwa dawa, fundi akiuranda anaondoa sehemu iliyonywa dawa zaidi.

Ukavu ni muhimu kuliko jina la mti. Unyevu uwe kama asilimia 12 hadi 15. Huna kipimo? Chukua kipande cha mbao hiyohiyo, kiweke kivulini penye hewa na ukipime uzito kila wiki. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado ni mbichi, na mlango utakaotengenezwa utafunguka viungo.

Chuma kina nguvu dhidi ya wezi, ila chumvi hukila kuanzia kwenye maungio ya kuchomelea. Bati liwe geji 16 (unene wa kama milimita 1.5), na kila alama ya kuchomelea isuguliwe hadi ing'ae kisha ipakwe praima ya kuzuia kutu siku hiyohiyo. Toboa matundu madogo chini ili maji yatoke.

Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini skrubu za chuma cha kawaida huila pale zinapogusana. Tumia za chuma cha pua. Saruji mbichi nayo huichoma. Ifunike wakati wa plasta.

Milango ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) na ya flashi (yenye plaiwudi nyembamba pande mbili na uwazi ndani) ni ya vyumbani tu.

Hatua ya 4: Ziba kingo kabla ya kufunga. Paka vanishi ya nje mara tatu kwenye kingo zote nne na ndani ya tundu la kitasa. Ya kwanza ilegezwe kwa tinna ili inywewe. Kisha funga bawaba tatu za inchi 4: moja juu, moja chini, na ya tatu karibu na ile ya juu, kwa sababu ya juu ndiyo inayovutwa na uzito.

Maswali ya wanachama

*Mlango wangu wa mninga unakwama kila masika. Niurande?*
Tazama kwanza unakwama wapi. Ukikwama kona ya juu upande wa kitasa, skrubu za bawaba ya juu zimelegea. Weka ndefu zaidi. Ukikwama ubavu mzima, mbao imevimba. Ngoja ikauke, uirande kidogo, upake ukingo huo siku hiyohiyo. Ukiranda mvua ikinyesha, kiangazi utabaki na mwanya.

*Naweza kuweka mlango wa chuma kwenye fremu ya mbao iliyopo?*
Ndiyo, kama fremu ni ya mbao ngumu na imeshikwa ukutani kwa nanga angalau tatu kila upande. Fremu ya msonobari itaachia skrubu.

*Mlango unatazama magharibi. Rangi nyeusi itafaa?*
Hapana. Nyeusi hunyonya joto, na jua la jioni litapasua mbao na kubabua rangi. Chagua rangi hafifu, au ongeza paa la kibaraza linalotokeza mita 1 mbele ya mlango.