Kutambua Kampaundi Ogania Isiyojulikana kwa Vipimo Rahisi

Mwalimu wa kemia aliyeko Masasi, Newala au Nachingwea hahitaji mashine ya gharama ili kumfundisha mwanafunzi kutambua kampaundi ogania (yaani yenye kaboni) asiyoijua. Neli za majaribio, maji moto na vitendanishi (kemikali za kupimia) vichache vinatosha, almradi kila kipimo kifanywe sambamba na neli mbili za kulinganishia: moja yenye kitu ambacho jibu lake linajulikana, na nyingine yenye maji matupu. Vaeni miwani ya kinga, fungueni madirisha, wala msionje chochote.

Anza kwa kuchoma matone mawili matatu kwenye kisahani cha kauri, mbali na chupa zote. Ethanoli, yaani kileo kilichomo kwenye pombe, huwaka kwa mwali wa buluu usio na masizi, ilhali toluini, yenye kaboni nyingi kwa kulinganisha na haidrojeni yake, hutoa moshi mweusi.

Kisha tafuta asidi. Tia sodiamu baikaboneti kidogo kwenye sampuli. Siki iliyotokana na tembo la mnazi lililochacha hutoa povu papo hapo, na gesi yake ikipitishwa katika maji ya chokaa huyafanya yawe kama maziwa. Fenoli nayo ni asidi, lakini ni dhaifu mno kutoa povu hilo, kwa hiyo neli iliyotulia haithibitishi kwamba fenoli haipo.

Kwa sukari, msimu wa korosho hutupa sampuli nzuri kuliko zote. Kamua bibo (tunda la mkorosho) moja, chuja maji yake kwa kitambaa safi, weka kiasi cha mililita 2 ndani ya neli, ongeza kiasi kilekile cha kitendanishi cha Benedict (kimiminika cha buluu chenye shaba), kisha simamisha neli ndani ya maji yanayochemka kwa dakika 5. Mwambie mwanafunzi asiondoe macho: buluu hugeuka kijani, kisha manjano, kisha rangi ya chungwa, na mwishowe mashapo mekundu kama tofali hutua chini. Glukosi na fruktosi zote mbili huleta rangi hiyo, ingawa fruktosi ni ketoni, aina ya kampaundi ambayo kwa kawaida haiitikii kipimo hiki. Sukari ya mezani haileti kitu mpaka ichemshwe kwanza na asidi hafifu, kisha asidi hiyo iondolewe uasidi kwa alkali.

Ili kutafuta bondi mbili kati ya atomi za kaboni, tumia maji ya bromini, ambayo rangi yake ya chungwa hupotea yakikutana na bondi hizo, ukidondosha tone baada ya tone na kutikisa. Linganisha mafuta ya ufuta wa Lindi na mafuta ya nazi ya ujazo uleule, na uhesabu matone: ufuta hupauza mengi zaidi, kwa sababu asidi nyingi za mafuta yake zina bondi hizo, ilhali za nazi kwa sehemu kubwa hazina. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea, kwani maji ya bibo pia huondoa rangi ya bromini kutokana na vitamini C yake nyingi. Rangi ikipotea, basi, uliza kwanza kama kuna kitu kingine kinachoweza kuiondoa.

Kloridi ya feri hugeuka zambarau ikikutana na fenoli ya kawaida, na hutoa weusi wa kijani au buluu ikikutana na tanini, zile zinazofanya bibo likaze ulimi. Mafuta ya maganda ya korosho yana fenoli tele, lakini yanababua ngozi, kwa hiyo usiwape wanafunzi wayashike.

Mwisho ni kipimo cha iodofomu: iodini pamoja na sodiamu haidroksaidi, vikipashwa moto kidogo na ethanoli, hutoa fuwele za manjano zenye harufu ya dawa ya hospitali. Methanoli, ambayo ni sumu inayopofusha na kuua, haitoi fuwele hizo, na ikiwa imechanganyika na ethanoli kipimo hiki hakitaionyesha hata kidogo. Kwa sababu hiyo asitokee mtu akapima gongo kwa njia hii na kutangaza kwamba ni salama.