Chonga: mtafute jaani kabla hajafika mnazini

Ukiona kuti la mnazi lina mapengo ya pembetatu, kulia na kushoto sawasawa kama limekatwa kwa mkasi, hiyo ni kazi ya chonga, mdudu mweusi mwenye pembe. Na hakulikata juzi. Alilitoboa likiwa bado limejikunja ndani ya kilele. Limekuja kufunguka baadaye na alama zake.

Hapa kwangu Mkuranga nilipanda miche 14, kisha nikarundika samadi ya ng'ombe hatua chache kutoka mstari wa kwanza ili nisiibebe mbali. Miche mitatu ilikufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Inauma, maana mnazi unaungoja miaka. Nilipoifukua samadi nikakuta funza weupe, wanene kama kidole gumba, wamejikunja, vichwa vya kahawia. Tangu siku hiyo, vita vyangu na chonga naanzia chini.

Funza hao ni watoto wa chonga. Jike lake hutaga kwenye kitu kinachooza: gogo la mnazi, kisiki, samadi, jaa la takataka. Mayai huanguliwa baada ya siku 10 hivi. Funza hula uozo huo miezi kadhaa, na muda wote huo hana madhara kwa mnazi ulio hai. Kisha hujitengenezea chumba, hutulia humo wiki tatu hivi, anageuka mdudu mweusi anayeng'aa mwenye pembe puani. Ya dume ni ndefu zaidi. Huyu mwenye mabawa ndiye anayeruka usiku, akatua kileleni na kutoboa hadi kwenye moyo akifyonza utomvu. Mnazi mkubwa huweza kustahimili. Mche, moyo ukiguswa, umekwisha.

Kwa hiyo mnazi ukianguka, usiuache ulale. Upasue, ukaushe, uchome au ufanye kuni. Kisiki king'oe au kichome. Samadi ihamishie mbali na minazi na uipindue kila mwezi, ukiwa umewafungulia kuku. Watawadonoa funza wote utakaowafukua. Ukiwa na jirani mwenye magogo yanayooza, nenda mkaongee kwa upole na ujitolee kumsaidia kupasua, kwa sababu chonga wa kwake atafika kwako usiku huo huo.

Miche ikague kila wiki, asubuhi. Panua makuti taratibu, tazama shinani mwake. Tundu la chonga unaweza kuingiza kidole, na mdomoni pake kuna nyuzi zilizotafunwa, kama chicha. Nyuzi zikiwa mbichi na zina unyevu, mwenyewe yumo. Chukua waya mgumu wa urefu wa mkono, upinde ncha kama ndoana, uingize polepole ukifuata tundu. Utausikia ukigota kwenye kitu kigumu. Zungusha, mnase, mvute. Usichokoe kwa hasira, moyo wa mche uko karibu sana na ncha hiyo.

Ukishamtoa, jaza mchanga uliochanganywa na majivu katika makwapa ya makuti, pale yanaposhikana na shina, jirani na kuti changa. Mchanga humsumbua anapojaribu kuchimba. Mvua ikiusomba, rudia.