Kubuni modeli ya karatasi ya DC-6 kwa penseli na bikari

Kila ninapomsaidia mtu anayeanza kubuni modeli za ndege za karatasi, tunakwama palepale: mkia wa bodi, yaani kiwiliwili cha ndege. Pua inakubali, bomba la katikati linakubali, halafu mkia unakataa kufunga. Kwa hiyo mengine nitayapitia haraka, hapo nitakaa.

1. Ndege

Anza na Douglas DC-6, ndege ya abiria ya injini nne. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1946, na sehemu kubwa ya bodi lake ni bomba la mviringo lenye kipenyo kilekile. Ndiyo maana waundaji waliweza kuirefusha kwa kuongeza kipande cha bomba. Lockheed Constellation inapendeza zaidi machoni, lakini bodi lake limepinda kama samaki na unene wake unabadilika toka pua hadi mkia. Iache kwanza.

2. Mchoro na skeli

Tafuta mchoro wa pande tatu, yaani unaoionyesha ndege toka ubavuni, juu na mbele. DC-6B, toleo lililorefushwa, ina urefu wa mita 32.2, na toka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni mita 35.8. Kwa skeli ya 1:100 unapata sentimita 32.2 na 35.8. Pima zote mbili kwenye mchoro wako. Ikiwa moja inakubali na nyingine haikubali, nakala hiyo imevutika upande mmoja, usiitumie.

3. Zana

Penseli ngumu ya 2H, bikari yenye skrubu ya kukaza, kipimapembe, rula ya chuma, wembe mpya, gundi nyeupe na manila ya gramu 160. Gundi ya kukauka papo hapo siitaki kabisa kwenye karatasi: inaacha doa na haikupi nafasi ya kusogeza kipande. Zipo programu za kompyuta zinazokunjua umbo kwa sekunde chache, lakini anayechora kila mstari mwenyewe hujua kipande kisipokubali arekebishe wapi.

Kabla ya kuchora, pinda manila taratibu pande zote mbili, kwa urefu na kwa upana. Upande mmoja utapinda kwa urahisi zaidi. Bomba lako lizungushwe kwa kufuata upande huo, la sivyo litajaa mikunjo.

4. Bomba na pua

Bomba ni mstatili tu: upana wake ni kipenyo mara 3.14.

Pua igawe pete fupi, kila pete ikiwa koni iliyokatwa kichwa. Tuseme pete ina kipenyo cha milimita 30 upande mmoja, 20 upande wa pili, na urefu wa 12. Nusu vipenyo ni 15 na 10, tofauti 5. Mteremko ni kipeuo cha pili cha 144 + 25, yaani 13. Tao la nje lina nusu kipenyo cha 15 × 13 ÷ 5 = 39, la ndani 26. Pembe ni 360 × 15 ÷ 39, karibu nyuzi 138.5. Chora, kata, zungusha.

5. Mkia

Hesabu hiyo inafaa pale tu vitovu vya miduara miwili viko kwenye mstari mmoja unaoikata miduara yenyewe kwa pembe mraba. Kwenye mkia wa DC-6 tumbo linapanda kuliko mgongo unavyoshuka, kwa hiyo kila mduara unaofuata una kitovu kilicho juu zaidi. Ukitumia koni ya kawaida, pete itafunga lakini mkia utanyooka badala ya kuinuka. Hapa tunatumia pembetatu.

Kwenye mchoro wa ubavuni, chora mistari wima ya mikato miwili, pale pete inapoanzia na inapoishia. Juu ya kila mstari chora nusu duara, uigawe sehemu sita sawa, kisha shusha kila alama kwenye mstari. Zipe namba 0 (mgongoni) hadi 6 (tumboni) kwenye mduara mkubwa, na A hadi G kwenye mdogo. Unganisha 0 na A, A na 1, 1 na B, B na 2, hivyo hivyo hadi G.

Urefu unaouona kwenye mchoro si urefu halisi, kwa sababu mistari mingi inaingia ndani pia. Kwa kila mstari chora pembetatu yenye pembe mraba: upande mmoja ni urefu ulioupima ubavuni, wa pili ni tofauti ya kina cha ncha zake mbili. Kina cha ncha ni umbali toka kwenye mstari wa mkato hadi kwenye nusu duara. Upande wa tatu, ule mrefu, ndio urefu halisi. Ni 0–A na 6–G pekee zisizohitaji kazi hii.

Sasa jenga kipande: weka 0–A, toka A piga tao la urefu halisi wa A–1, toka 0 piga tao la hatua moja ya mduara mkubwa (toka alama moja hadi inayofuata), yanapokutana ni 1. Endelea hadi G, kisha nakili nusu ya pili upande wa pili wa 0–A. Mshono utaangukia tumboni, mahali unapostahili.

Tahadhari iliyo muhimu kuliko zote: hiyo hatua moja usiichukue kwa bikari kwenye nusu duara. Bikari inapima mstari ulionyooka, nao ni mfupi kuliko tao. Kwa kipenyo cha milimita 30, bikari itakupa 7.76 badala ya 7.85. Inaonekana si kitu, lakini mara 12 inakuwa milimita nzima, na pete haitafunga. Kokotoa mzingo, ugawe kwa 12.

Jaribu kwanza kwa karatasi nyepesi.

6. Kuunganisha

Usikate meno ya gundi, yale masikio madogo ya kubandikia ukingoni. Yanaonekana kwa nje kama makovu. Bandika ukanda mwembamba kwa ndani. Diski za kushikilia umbo zipunguze kipenyo kwa unene wa karatasi mara mbili, yaani karibu milimita 0.4.

Madirisha yachore karatasi ikiwa bado imelala. Ya DC-6 ni ya mstatili wenye kona laini. Ya mviringo ni ya DC-4.

7. Mabawa na injini

Bawa ni karatasi moja iliyokunjwa kwenye ukingo wa mbele, na ukanda wa manila uliokunjwa mara mbili ndani yake. Injini nne ni pete zilezile za hatua ya 4. Buni moja, ukiridhika nayo nakili tatu.