Ng'ombe kwenye bomba: kuifundisha syslogd kuandika kwenye hifadhidata

Mhasibu wetu ni mama wa makamo asiyependa kusubirishwa. Asubuhi moja aliingia chumbani kwangu kabla sijamaliza chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani aliingia kwenye ruta ya ghala jana saa nane usiku?"

Logi, yaani kumbukumbu za yanayotokea kwenye mashine, ninazo zote. Tatizo ni kwamba zilikuwa zimelala kwenye mafaili kumi na kitu yaliyobanwa kwa gzip, ruta 11 na seva 3 zimechanganyika humo humo, na mstari wenyewe hausemi hata ni wa mwaka gani. Nikaanza kuhangaika na zgrep. Jibu nilimpelekea saa nane mchana. Alisema asante kwa sauti ile unayoijua.

Jioni hiyo niliamua kwamba syslogd, programu inayopokea logi na kuziandika kwenye mafaili, iziingize kwenye jedwali la hifadhidata pia. Nitaeleza nilivyoifanya, pamoja na jinsi nilivyokosea mara ya kwanza, maana kosa lenyewe ndilo lililonifundisha kazi.

Kwanza neno la haki: kama unataka mambo yaishe leo, weka rsyslog, ndugu mpya wa syslogd, na kifurushi chake cha rsyslog-mysql, kitakutengenezea hifadhidata inayoitwa Syslog yenye jedwali la SystemEvents, kisha ukale. Mjerumani Rainer Gerhards alianza hivyo hivyo mwaka 2004: alichukua sysklogd, kifurushi cha zamani cha Linux chenye syslogd ndani yake, akaipachika uwezo wa kuandika kwenye MySQL, na kazi hiyo ikakua ikawa rsyslog. Mimi nilitaka kitu kidogo ninachokielewa mstari kwa mstari, na mashine yangu ni kuukuu, Devuan, Linux isiyo na systemd (msimamizi wa huduma wa Linux nyingi za leo), RAM megabaiti 512. Kama yako ina systemd, jua kwamba /dev/log, soketi ambako programu hupeleka logi zao, iko mikononi mwa journald, mtunza logi wa systemd, na mengi ya hapa chini hayatakaa sawa bila kuihamisha.

Pakua sysklogd 1.5.1. Karibu kila kitu tunachohitaji kimo ndani ya faili moja, syslogd.c. Ikompaili kwanza bila kugusa chochote. Kwenye glibc (maktaba ya C ya Linux) ya miaka hii itagoma, ikilalamikia "union wait", kitu kilichokwisha kuondolewa. Dawa yake:

sed -i 's/union wait/int/' syslogd.c

Ikikubali, fungua faili utafute fprintlog. Hapo ndipo ujumbe unapotoka kwenda kokote unakokwenda: faili, skrini, mashine nyingine. Kuna switch inayoangalia f_type, na kila aina ya mlango ina case yake. Ukiiona tu, mkono unawasha: unataka kuweka case yako, uite mysql_query, umalize.

Ndivyo nilivyofanya, na kwa wiki mbili nilitembea kifua mbele. Kisha Ijumaa moja diski ya MariaDB, hifadhidata niliyokuwa naiandikia, ikajaa. MariaDB, kama ndugu yake MySQL, diski ikijaa huweza isirudishe kosa, bali isubiri na kuchungulia kila baada ya dakika moja kama nafasi imepatikana. Kwa hiyo mysql_query yangu haikurudi. Syslogd ikasimama hapo hapo. Soketi ya /dev/log ikajaa, na programu zilizotaka kuandika logi zikaanza kupanga foleni. Nilipojaribu kuingia kwa ssh, nenosiri lilikubaliwa kisha kimya, kwa sababu sshd nayo ilikuwa inangoja kuandika kwamba nimeingia. Nikaenda mwenyewe hadi kwenye mashine, nikaandika jina na nenosiri kwenye kibodi yake: kimya vile vile. Sudo nayo huandika logi, kwa hiyo hata mwenzangu aliyekuwa na dirisha lililokwisha kufunguka hakuweza kunisaidia. Nilibana kitufe cha umeme mpaka taa zikazima.

Tangu siku hiyo ninayo sheria moja: syslogd haingojei hifadhidata, kamwe. Iandike mahali ambapo haiwezi kukwama, mtu mwingine aokote.

Mahali hapo pamo tayari humo ndani. Sysklogd inajua kuandika kwenye bomba, lile faili maalumu linalotengenezwa kwa mkfifo, programu moja ikiandika na nyingine ikisoma, na hulifungua kwa O_RDWR na O_NONBLOCK. Likijaa, ujumbe unatupwa na maisha yanaendelea. Sasa utauliza, kwa nini basi tusitumie bomba hilo bila kugusa msimbo? Kwa sababu kinachotoka humo ni mstari ule ule wa kwenye faili: tarehe isiyo na mwaka, jina la mashine, maneno. Namba inayosema ujumbe umetoka idara gani (facility) na una uzito gani (severity) imekwisha kung'olewa, na bila namba hiyo jedwali lako ni faili lililovaa suti.

Basi tunaongeza aina mpya. Aina zilizopo zinaishia F_PIPE, ambayo ni 9:

#define F_DB 10

Chini yake kuna orodha ya majina, TypeNames. Ongeza "DB" mwishoni. Ukisahau, hutaona chochote mpaka siku utakayoiendesha kwa -d (hali ya kutafuta makosa), nayo itachapa takataka au ianguke.

Kwenye cfline, inayosoma syslog.conf, kuna switch nyingine inayoangalia herufi ya kwanza ya anwani: '@' ni mashine nyingine, '|' ni bomba, '/' ni faili. Mimi nilichukua '>'. Nakili yanayofanyika kwenye '|', ila f_type iwe F_DB.

Kisha fprintlog:

case F_DB: {
    char bafa[2048];
    int n = snprintf(bafa, sizeof bafa, "%ld\t%d\t%s\t%.*s\n",
        (long) time(NULL), f->f_prevpri, f->f_prevhost,
        (int) iov[4].iov_len, (char *) iov[4].iov_base);
    if (n >= (int) sizeof bafa) {
        n = sizeof bafa;
        bafa[n - 1] = '\n';
    }
    if (write(f->f_file, bafa, n) < 0 && errno == EAGAIN)
        zilizopotea++;
    break;
}

Muda nimeuandika kwa sekunde tangu 1970, ugomvi wa mwaka ukaisha. f_prevpri ndiyo ile namba: idara mara nane, jumlisha uzito. Ujumbe wa authpriv.info, kwa mfano, huwa 86, yaani idara 10 na uzito 6. Bafa ya 2048 haikuja kwa bahati: kwenye Linux, ukiandika kwenye bomba baiti zisizozidi 4096 kwa mkupuo mmoja, zinaingia zote pamoja au haziingii kabisa. Hakuna mstari nusu. Zilizopotea ni kihesabio changu cha ujumbe uliotupwa kwa sababu bomba limejaa, kitangaze juu ya faili kama static. Mimi hukiandika kwenye faili la kawaida pamoja na ile "-- MARK --" ya kila dakika 20.

Bado sehemu mbili, na zote nilizigundua kwa kuumia.

Ya kwanza ni kwenye init, inayoitwa syslogd ikipokea SIGHUP, ishara ya kuiambia isome mipangilio upya. Kuna switch inayofunga mafaili kabla ya kusoma mipangilio upya. F_DB isipotajwa humo, bomba linafunguliwa tena bila la zamani kufungwa. Logrotate yangu hutuma SIGHUP kila usiku. Baada ya mwezi nilitazama /proc/PID/fd nikakuta bomba hilo hilo limefunguliwa mara thelathini na kitu.

Ya pili ni hesabu. Syslogd ikipata ujumbe ule ule mfululizo haiurudii, huweka idadi na baadaye kusema "last message repeated 14 times". Kwenye faili ni ustaarabu. Kwenye jedwali ni uongo: ukihesabu safu unapata 2 badala ya 15. Kwenye logmsg, pale inapolinganisha msg na f_prevline, tanguliza f->f_type != F_DB, ili mlango wetu upewe kila ujumbe.

Upande wa pili wa bomba, badala ya MariaDB, sasa kuna Python na SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja. Ruta 11 na seva 3 hazihitaji zaidi.

import os, sqlite3

def vunja(m):
    wakati, pri, mashine, ujumbe = m.decode("utf-8", "replace").split("\t", 3)
    pri = int(pri)
    return int(wakati), pri >> 3, pri & 7, mashine, ujumbe

fd = os.open("/var/lib/logdb/bomba", os.O_RDWR)
db = sqlite3.connect("/var/lib/logdb/logi.db")
db.execute("""CREATE TABLE IF NOT EXISTS logi (wakati INTEGER,
    idara INTEGER, uzito INTEGER, mashine TEXT, ujumbe TEXT)""")
baki = b""
while True:
    baki += os.read(fd, 65536)
    *mistari, baki = baki.split(b"\n")
    db.executemany("INSERT INTO logi VALUES (?,?,?,?,?)",
                   [vunja(m) for m in mistari])
    db.commit()

Tazama os.read hapo. Kila commit inaisubiri diski, na diski yangu ni ya zamani, ina sauti kama cherehani. Wakati inasubiri, bomba linakusanya, kisha os.read inayofuata inazoa vyote kwa pamoja. Kukiwa na utulivu unaandika mmoja mmoja, kukiwa na fujo unaandika mia kwa mkupuo, bila kupanga chochote. Bomba la Linux hubeba baiti 65536, kwangu ni mistari kama 400. Python ikifa, hizo ndizo dakika zako za kuiamsha.

Alama za kuuliza kwenye INSERT zisiguswe. Toleo langu la kwanza lilikuwa linaunganisha maneno kwa sprintf, na nililijaribu kwa "habari" na "test" tu, likapita. Sisi tuna kipimo kizuri zaidi kilichomo ndani ya lugha yetu:

logger -p authpriv.info "ng'ombe wa Ng'ang'a"

Ritifaa tatu, na kwenye SQL ritifaa ndiyo inayofunga maneno. Hifadhidata inayojengwa kwa kuunganisha maneno itaanguka kwenye ng'ombe kabla hata ya kumfikia mwenye ng'ombe. Na mtu mwenye nia mbaya hahitaji nenosiri lolote: ukiendesha syslogd kwa -r ipokee logi za ruta, yeyote kwenye mtandao anaweza kutuma pakiti ya UDP kwenye mlango 514 akiwa ameandika SQL anayoitaka yeye.

Kuwasha: tengeneza saraka, kisha mkfifo -m 600 /var/lib/logdb/bomba, na kwenye syslog.conf uongeze

*.*	>/var/lib/logdb/bomba

Usifute mistari ya mafaili ya zamani. Bomba lina ruhusa ya kupoteza ujumbe, faili ndilo shahidi. Washa Python kwanza, kisha syslogd, mtume ng'ombe, uone kama amefika akiwa na idara 10 na uzito 6.

Swali la mama mhasibu sasa linaandikwa hivi, na saa nane yake inageuzwa kuwa 02 (nilishawahi kutafuta 08, nikaapa kwamba hakuna aliyeingia):

SELECT datetime(wakati,'unixepoch','localtime'), mashine, ujumbe
FROM logi WHERE idara = 10
AND strftime('%H', wakati,'unixepoch','localtime') = '02';

Ruta nyingine hutuma kila kitu kwa idara 16 hadi 23, zile za local0 mpaka local7, kwa hiyo angalia yako inatumia ipi kabla ya kubana kwa 10. Ya ghala hutumia 23, kwa hiyo kwa swali la mama weka 23 badala ya 10 hapo juu.

Kila Jumapili cron hufuta safu zilizopita siku 90. Mara ya kwanza nilishangaa faili halijapungua hata kidogo; SQLite huiacha nafasi hiyo wazi ndani ya faili ije kuitumia baadaye. Ukiitaka irudi kwenye diski, endesha VACUUM, lakini uwe na nafasi ya bure inayoweza kufika mara mbili ya ukubwa wa faili hilo, maana hulinakili upya lote kwanza.