Ukipangiwa kumuelezea Kamaraj mbele ya darasa, fanya hivi

Tuseme ticha wa historia kakurushia mada ya mpigania uhuru wa India aliyeishia kwenye siasa, na Jumatatu unasimama. Achana na Gandhi na Nehru, hao kila mtu atawakimbilia. Mbebe Kamaraj wa jimbo la Tamil Nadu, mtu wa kusini kabisa mwa India kama sisi wa Mtwara.

Usianze na kuzaliwa. Mi nilianza na "1903, Virudhunagar" benchi la nyuma likasinzia saa hiyohiyo. Anza na duka: dogo baba kafariki, shule kaacha mapema, yupo kwenye duka la vitambaa la mjomba anapima mita huku masikio yako kwenye mikutano ya siasa.

Jela usihesabu moja moja, sema tu jumla inapita siku 3,000. Ila ya 1930 ieleze, maana chumvi tunaijua, mashamba yapo hapa na Lindi: Mwingereza kaitoza kodi, wenzake wakaenda ufukweni Vedaranyam kujitengenezea wenyewe, wakadakwa, naye akafungwa. Halafu tupia hii, watacheka: 1941 kachaguliwa mwenyekiti wa halmashauri ya mji wake akiwa ndani, alivyotoka akaenda kujiuzulu.

Sasa hapa ndo utulie. 1954 mpaka 1963 ni waziri kiongozi (mkuu wa serikali ya jimbo) wa Madras, jina la zamani la Tamil Nadu, na yeye aliyeacha shule ndo akafungua shule vijijini na kuweka chakula cha mchana cha bure. Uliza darasani nani leo kanywa uji shuleni, alafu nyamaza, wataanza kubishana wenyewe kuhusu michango ya wazazi (ticha akikunja sura endelea fasta).

Kisha 1963 akaachia cheo akajenge chama chake cha Congress, na akashawishi vigogo wengine waachie pia, mawaziri 6 wa serikali kuu na mawaziri viongozi 6 wakatoka. Mfananishe na Nyerere aliyeacha uwaziri mkuu Januari 1962 akamuachia Kawawa, hapo unakula maksi.

Swali litakalokuja: mbona alimsimamisha Shastri 1964 na Indira Gandhi 1966 wawe mawaziri wakuu wa India, yeye hakukaa? Jibu Kihindi hakukimudu, na India bila Kihindi pale juu ni shida. Akikubana zaidi mwambie uchaguzi wa 1967 alipigwa chini hapohapo kwao Virudhunagar, na aliyempiga ni kiongozi wa wanafunzi.