Namna ya kupanga kwenda Kahuzi-Biega kama uko Bukavu

Batu mingi ba Bukavu banazeeka bila kufika Tshivanga, pale kwa mulango wa parki ya Kahuzi-Biega. Ni kilometa 30 hivi tu, mutu anatoka Nyawera asubui na jioni amesharudia kwake, lakini ukiuliza batakwambia ile ni mambo ya bazungu, bengine banasema bagorila balishaisha bote na vita. Habakuisha. Miye nilifika kule mara ya kwanza niko na miaka 31, na ni juu tu mugeni wa kazini aliomba nimusindikize, nikasikia haya vile anajua pori ya kwetu kunipita.

Mbele ya kufikiri viatu na foto, uliza kwanza njia. Tangu Februari 2025 wakati baasi ba M23 baliingia Bukavu, barabara inaweza kuwa sawa leo na kesho ikawa ingine, kwa hiyo usitegemee habari ya mwezi uliopita, ata hii yenye uko unasoma. Piga simu kwa biro ya parki, kisha uliza mutu mwenye anaishi Miti ao Kavumu, kule njiani, mama mwenye analetaga viazi mujini kila siku, ule ndiye anajua kama usiku kulilia masasi ao hapana. Kama majibu ya babili haifanane, bakia kwako. Parki iko kwa liste ya urithi wa dunia tangu 1980, na tangu 1997 bakaiweka kwa ile ya zenye ziko mu hatari, vita na bawindaji njo sababu. Haitakimbia, utaenda wiki ingine.

Njia ikiwa sawa, amua unaenda kuona nini, juu hapo ndipo batu banakosea. Parki yote ni kilometa za mraba 6,000, ilianzishwa 1970, Mubeljika mumoja Adrien Deschryver njo alipigania sana ile kitu, na 1975 bakaiongeza mpaka pori ya chini kule mbali. Wewe mutembezi utaona tu upande wa juu, wenye ni kama 600, na hauwezi kuumaliza siku moja. Ni bagorila, ao ni kupanda mulima Kahuzi. Kahuzi iko na metre 3,308, ile ni siku nzima ya magoti kulia, usiichanganye na kitu ingine. Kuna pia matembezi mafupi ya pori, ya mutu mwenye anataka tu hewa na ndege.

Bengi tunaenda kwa bagorila. Gorila wa kwetu banamuitaga Grauer, njo mukubwa kupita bagorila bengine bote, na anaishi Congo ya mashariki tu, mutu akikwambia alimuona mu pori ya inchi ingine amekudanganya. Bapapa zetu bali banamubeba mu mifuko bila kujua, alikuwa kwa noti ya zaire 50,000 ya mwaka 1991.

Kama uko na batoto, soma hapa vizuri: mutoto wa chini ya miaka 15 hamupeleke kwa bagorila, atalia pale kwa mulango na nyinyi mutagombana. Mupeleke Lwiro. Ni ile ile barabara ya kaskazini, unapita Kavumu, kisha unapanda kushoto. Kule kuna basokomutu na banyani benye balinyanganywa kwa bawindaji na kwa batu benye balibafungia mu manyumba, banabatunza tangu 2002, na mutoto anabaona vizuri bila kutembea pori. Na majengo ya Lwiro yenyewe, ile ya wakati wa Babeljika benye bali banafanya uchunguzi wa sayansi, inatosha kukufanya usimame mudomo wazi.

Pesa sasa. Mukongomani halipe sawa mugeni, analipa kidogo sana, ndiyo maana beba karte ya elekteri (ile ya kuchagulia) ya kweli, si foto yake mu telefone. Bei uiulize kwa simu na uulize yote mara moja: kuingia, gorila, gidi, kubebewa sakado. Dola zako uziangalie moja moja usiku mbele ya kulala, juu unajua kwetu noti ikipasuka ata kama ukucha wa mutoto hakuna mutu ataikamata, na kule Tshivanga hakuna kambista wa kukubadilishia. Weka na franga kidogo za matabishi, noti ndogo ndogo.

Kwa kufika, muzuri zaidi ni batu bane ao batano mukodishe gari moja, mukubaliane bei ya kwenda, kungojea na kurudi, na musilipe yote asubui. Pikipiki inafika pia lakini kama mvula inakukutia mbele ya Miti utajuta. Unapita Kabare, unafika Miti, pale unaacha barabara ya Kavumu na unakata kushoto ile ya Bunyakiri na Walikale, unapanda katikati ya mashamba ya chai, na hapo tu baridi inaanza kuingia. Toka nyumbani saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili ya kweli, si ile ya "niko njiani" na uko ungali mu kitanda. Bagidi banaondoka asubui, hawangojee mutu mwenye alisimama kununua mandazi Mukukwe.

Mavazi: Tshivanga iko juu kupita mujini, metre 2,000 na zaidi, kwa hiyo pulovere ata kama Bukavu jua inapiga. Suruali nguvu, soksi ndefu, na suruali uiingize ndani ya soksi juu ya siafu. Miye nilivaa basketi nyeupe mupya, nilitaka foto, dakika kumi tu kiatu kimoja kikabakia mu matope na pista, ule mwenye anafwataga alama za bagorila, akaenda kukitosha na panga bila kucheka, ile kutokucheka njo iliniuma zaidi. Buti za mpira za batu ba kulima inashinda viatu vyote. Glove za kazi pia, juu kuna majani yenye inawasha sana na mukono unakamata chochote wakati unateleza. Koti ya mvula beba mwaka wote, lakini Juni mpaka Agosti njo kuko kukavu kidogo.

Mutatembea saa moja, ao ine, hakuna mutu anajua. Bapista banatangulia asubui, banaanzia pale bagorila balilala jana, banafwata majani yenye ilivunjika na mavi. Wakati mianzi michanga inatoka, mvula ikirudi, bagorila banapanda kuikula, na mule mwanzi unakufunga mbele, gidi anakata na panga, wewe unainama. Kula na kunywa mbele ya kufika, karibu yao hakuna kula. Ukiwa na mafua usiende, sema ukweli, juu mafua yako inaweza kuua jamaa nzima ya bagorila. Kashne ya kufunika mudomo na pua utavaa. Mukiwafikia ni saa moja tu, mbali kidogo, bila flashi, bila kuonesha kidole. Silverback, ule dume mukubwa wa mugongo mweupe, akikuja mbio na kupiga kifua usikimbie, inama, angalia chini, fanya vile gidi anafanya. Mugeni wangu alikimbia. Gidi alimukamata koti.

Kitu ingine chenye batu habakusemee. Ile pori ilikuwa kwao Batwa, balibatosha wakati parki inaundwa, na 2024 tume ya Afrika ya haki za batu ilisema Congo ilibakosea. Utabapita mu vijiji njiani. Usipige foto ya mutu ao ya nyumba yake bila kumuomba, na kama banauza kitunga ao chungu na unakipenda, nunua kwao na usibishane bei sana.

Kwa kurudi, musikae kule mpaka saa kumi mukiangalia fuvu za tembo kwa mulango, ata kama inavutia. Mukuwe mumeshapita Miti mbele ya giza. Buti uzioshe na uzikaushe inje, kesho asubui utaona miguu haitaki kushuka ngazi.