Mteja wa "Naangalia Tu": Namna ya Kumpokea Dukani

Mwongozo huu ni wa mwenye duka dogo, na zaidi wa yule kijana anayesimama mlangoni kwa niaba yake. Mimi nauza leso, yaani kanga, Biashara Street, Mombasa, ambako maduka yamepangana ukuta kwa ukuta na mali nyingi inafanana. Mteja akitoka kwako, anaingia kwa jirani. Kinachotutenganisha ni mapokezi, hasa ya yule anayeingia akisema "naangalia tu".

Hatua ya 1: Anzia nje. Asubuhi vuka barabara, usimame upande wa pili, ulitazame duka lako. Mlango unaonekana au umezibwa na marobota? Leso iliyopaushwa na jua ishushe. Mpita njia atadhani stoo nzima iko hivyo. Feni imwelekee mteja, si keshia. Joto la Februari na Machi likipamba moto, hiyo peke yake humfanya mtu akae.

Hatua ya 2: Salamu kabla ya bei. Usimkimbilie mtu barabarani wala kumshika mkono. Mwache avuke kizingiti, kisha mwamkue, simu ukiwa umeiweka chini. Msichana usimwite "mama", "dada" yatosha. Mzungu naye asalimiwe kama watu. Ile "jambo rafiki" ya kupigiwa kelele humwambia tu kwamba bei itapandishwa.

Hatua ya 3: Uliza, "Ni ya nani?" Leso ina pindo la kuzunguka kando, mji ulio katikati na jina, yaani maandishi yake, na jina ndilo lenye kazi. Anayemnunulia mama yake na anayetaka kumjibu mke mwenzake hawawezi kuondoka na maneno mamoja. Mgeni kutoka bara huenda akachagua kwa rangi tu, kwa hiyo msomee maandishi na umfafanulie. Akimpelekea mamamkwe fumbo la matusi, duka lako litatajwa katika ugomvi huo. Fungua leso yote, maana iliyokunjwa haionyeshi mji. Sema mapema kwamba doti, yaani leso mbili zilizoungana, huuzwa haijakatwa wala kupindwa, na fundi hulipwa kando. Gharama inayochomoza mwishoni inanuka ulaghai hata ikiwa ya haki.

Hatua ya 4: Bei. Kupatana ni kawaida yetu, lakini amua kima cha chini kabla hujafungua duka, na kiwe kimoja kwa mtu wa Kisauni, wa Nairobi na mtalii. Namba ya kulipia kwa M-Pesa ibandikwe panapoonekana. Chenji iwepo.

Hatua ya 5: Asiponunua. Hapa ndipo ninapowapima wafanyakazi wapya. Harusi za huku huwa na leso za sare, na kabla ya kununua, familia humtuma mmoja wao azunguke madukani: aone rangi, asome majina, aulize kama doti nyingi zitapatikana. Siku hiyo hanunui kitu. Umemfungulia leso hadi meza imejaa, kisha anasema "nitarudi". Akisikia muuzaji akifyonza, au akiona leso zikikunjwa kwa hasira, nyumbani atasimulia hayo kabla ya kusimulia rangi.

Basi usianze kukunja akiwa bado amesimama. Mruhusu apige picha. Mwandikie kwenye karatasi jina la leso, rangi, bei na namba ya simu ya duka. Kama ana haraka ya kuwahi feri ya Likoni, usimrefushie maneno. Na kama huna anachotaka, mwelekeze duka lililo nacho. Wenzangu wananiambia namtajirisha jirani. Labda. Lakini niliyemwelekeza hivyo, akija tena, habishani sana nami juu ya bei.

Hatua ya 6: Anayerudi na lawama. Kile kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi" king'oe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na kibao hakiifuti. Mpe kiti, mwache amalize kusema, ndipo uikague leso. Imechapwa vibaya? Badilisha bila mabishano. Imechuja? Uliza ilivyofuliwa, ila swali hilo litakuwa na haki ikiwa siku ya kuuza ulimwambia aifue peke yake mara ya kwanza, kwa maji baridi, na aianike kivulini.

Jibu baya kuliko yote ni "bosi hayupo, rudi kesho". Mpe keshia ruhusa ya kubadilisha doti moja bila kukupigia simu, na aandike daftarini jina la leso na robota iliyotoka, ili ukienda kwa muuzaji wa jumla uwe na la kumwonyesha.